Paka Abaki, Ubongo Ulindwe

Ukishuka bandari ya Nyamisati kusubiri chombo cha kwenda Kilindoni, Mafia, paka utawaona mapema kuliko wakata tiketi. Wamelala chini ya meza za samaki, juu ya nyavu zilizokunjwa, kwenye kivuli cha mashua iliyopandishwa nchi kavu kutiwa kalafati. Kamba wakimwagwa kwenye beseni ili wapimwe, mmoja atanyoosha mkono taratibu, achukue chake, aondoke bila haraka. Hakuna anayewamiliki na hakuna anayewafukuza.

Ukivuka kuingia visiwa vya delta, paka anageuka mfanyakazi. Delta ya Rufiji inalima mpunga, na penye mpunga pana panya. Mtu aliyekaa kwenye dungu wiki nzima akiamia ndege hataki jasho lake liliwe usiku ghalani. Mvuvi naye anajua panya mmoja anavyoweza kuutia wavu matundu ambayo samaki wote watayaona. Kwa hiyo makala haya hayatamwambia mtu afukuze paka. Ushauri huo hutolewa na watu ambao hawajawahi kulipia hasara ya panya.

Pwani yetu ina sababu nyingine ya kumpenda paka. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi huku, paka si najisi; anaingia msikitini, anapita juu ya mkeka wa swala, na sahaba Abu Huraira mwenyewe alipata jina lake kwa kupenda paka. Mbwa hulala nje, paka hulala na watoto. Hayo ni mema yote, ila twahara ni jambo la ibada, na vijidudu havijui mlango wa msikiti. Kiumbe anayeishi karibu nasi namna hii anahitaji kanuni zake, hasa kwa sababu magonjwa machache anayoweza kutupa yana tabia ya kupanda hadi kichwani: degedege, kupooza upande, kupoteza fahamu, kuona giza kwenye jicho moja.

Wengi huogopa manyoya. Wajawazito huambiwa wasimguse paka, wengine wakaambiwa pumzi yake inatoa mimba. Manyoya na pumzi viacheni. Yanayofika kwenye ubongo hupita kwenye jino, kwenye kinyesi, na kwenye ukucha wenye uchafu wa viroboto.

Jino

Nianze na linaloua. Kichaa cha mbwa hukaa kwa mbwa, na paka hukipata kwa kuumwa na mbwa au mnyama wa porini. Uchunguzi wa Serengeti, ambako tangu 2002 watafiti wamekuwa wakifuatilia mnyama mmoja mmoja na mtu mmoja mmoja aliyeumwa, umeonyesha kwamba mbwa ndiye anayekifanya kiendelee kuzunguka. Kusini yetu, mikoa ya Lindi na Mtwara, mbweha nao wamekutwa na sehemu kubwa ya maambukizi kuliko ilivyo Serengeti. Paka anayewinda pembezoni mwa mashamba anaweza kukutana na wote wawili. Akishaugua, yeye ni hatari kwa namna yake: ni mdogo, anabebwa, anashikwa na mtoto, na meno yake membamba yanaingia ndani sana huku yakiacha kitundu cha sindano ambacho mama hatakiona jioni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani. Kwa Tanzania, makadirio yaliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifika vifo karibu 1,500 kwa mwaka, vingi vikitokea nyumbani bila kuandikwa popote. Kirusi hakitembei kwenye damu. Kinaingia kwenye mshipa wa fahamu pale penye jeraha na kupanda nao polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, mara chache wiki moja tu, mara chache zaidi ya mwaka. Aliyeumwa usoni, shingoni au kwenye vidole ana muda mfupi zaidi, kwa sababu njia ni fupi na mishipa ni mingi. Muda huo ndio bahati yetu yote. Dalili zikishaanza, yaani kidonda cha zamani kuwasha na kufa ganzi, homa, wasiwasi usio na sababu, koo kukaza mtu akiletewa maji, hakuna tiba itakayomrudisha. Kabla ya hapo, chanjo humwokoa karibu kila anayeiwahi na kuimaliza.

Sasa mbinu yenyewe. Paka amekung'ata, au amekuparua na ukucha aliotoka kuulamba, au amelamba kidonda chako kibichi. Acha unachofanya. Osha kwa maji na sabuni dakika 15, kwa saa ya simu, kwa kuwa mtu mwenye maumivu huona dakika tatu ni nyingi. Tumia sabuni ya mche, ile ya kufulia, maji yakitiririka kutoka kwenye kata au dumu lililotobolewa, wala usiloweke mkono kwenye beseni. Najua maji baridi ni ghali visiwani, na ya bahari hayatoi povu. Kama uko kwenye mtumbwi, anza na yaliyopo, kisha ukifika tumia dumu la maji ya kunywa bila kuhurumia. Kirusi hiki kina ngozi ya mafuta, sabuni inaivunja. Uoshaji huo peke yake unapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, nao haumgharimu mtu zaidi ya kipande cha sabuni.

Baada ya kuosha, paka spiriti au ayodini kama ipo. Usipake mafuta ya taa, majivu, pilipili wala unga wa dawa uliosagwa. Usifunge jiwe la nyoka. Usikubali kishonwe haraka kama si lazima, maana sindano inaweza kuusukuma uchafu ndani zaidi. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hapa pana ugumu wa kweli, na afadhali tuuseme. Chanjo ya kichaa cha mbwa haikai kila zahanati. Kutoka kisiwani hadi Nyamisati ni kungoja maji yajae. Kutoka Nyamisati kwenda Bungu na kufika Kibiti ni nauli na nusu siku. Watu wengi hukata tamaa katikati, hasa kidonda kikiwa kidogo. Kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka. Mhudumu wa zahanati yako anaweza kuuliza kwa wenzake wapi chanjo ipo leo, na namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Ukienda kituo ambacho hakina, utakuwa umetumia nauli na imani kwa pamoja.

Chanjo inatolewa kwa awamu. Ikidungwa kwenye ngozi ya juu, ratiba inayopendekezwa ni siku ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 kuhesabu toka hapo. Ikidungwa kwenye msuli, inaongezeka sindano nyingine kuanzia siku ya 14. Aliye na jeraha lililotoboka na kutoa damu anahitaji pia kinga ya haraka, aina ya serumu, inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Uliza kama ipo. Isipopatikana, chanjo isingoje. Mjamzito anachanjwa. Mtoto mchanga anachanjwa. Anayenyonyesha anachanjwa. Sindano hizi hazidungwi tumboni kama zamani. Hadithi ya sindano nyingi za kitovu inaendelea kutisha watu ingawa mtindo wenyewe ulikwisha.

Na paka? Usimuue kwa hasira na kumtupa mtoni. Ukiweza kumkamata bila kuumwa tena, mrushie gunia, mfunike na tenga zito la samaki lililokandamizwa na jiwe, mpe maji na chakula, mwangalie siku 10. Paka aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata atakuwa amekufa au amebadilika waziwazi kabla ya siku hizo kwisha. Akiwa mzima na anakula siku ya kumi, tabibu anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Lakini sindano ya kwanza haimsubiri paka. Akifa ndani ya tenga, usimguse kwa mikono mitupu, na usimpige kichwani. Kichwa ndicho kinachopimwa, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kuambiwa.

Mtambue paka mgonjwa mapema. Aliyekuwa mpole anavamia miguu bila kuchokozwa. Aliyekuwa wa porini anakuja kukaa karibu na watu. Sauti inakwaruza, mate yanachuruzika, miguu ya nyuma inaburuzika, anajificha uvunguni mchana na kumrukia atakayeingiza mkono. Mfundishe mtoto kwamba paka wa aina hiyo haokotwi, hata akilia kwa huruma. Na mtoto akisema ameumwa, asichapwe kwa kumchokoza paka. Watoto wanaoogopa fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo linalotupatia mgonjwa miezi miwili baadaye.

Jambo moja kuhusu vyombo. Pemba walikitokomeza kichaa cha mbwa kwa kuchanja mbwa, kikarudi mwaka 2016 kwa wanyama walioingia kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ifanywe upya hadi kikaisha tena. Kwa hiyo anayepanda chombo Nyamisati akiwa na mtoto wa paka ndani ya kikapu kumpelekea shangazi Mafia, au mbwa wa kulinda shamba la minazi, awe amemchanja kwanza. Kisiwa ni rahisi kulinda kuliko bara, na ni rahisi pia kuharibu.

Kinyesi

Ugonjwa wa pili hauna kelele. Kuna kijidudu kinaitwa Toxoplasma gondii, kilichotambuliwa mwaka 1908 huko Tunis kwenye mnyama mdogo wa jamii ya panya. Madaktari wetu hukiita toksoplasma. Kinaweza kuishi ndani ya karibu kila mnyama mwenye damu moto, lakini kinatoa mayai yake ndani ya utumbo wa jamii ya paka tu. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Kisha kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja tu maishani mwake, anatoa mayai kwa mamilioni kwenye kinyesi. Baada ya hapo mara nyingi hatoi tena. Ndiyo maana mtoto wa paka anayejifunza kuwinda ni wa kuangaliwa zaidi kuliko bibi paka wa miaka minane.

Panya aliyeambukizwa hupungukiwa na woga wa harufu ya paka, hivyo huliwa kirahisi na kijidudu kikarudi kilikotaka. Majaribio yameonyesha hilo. Kwa binadamu, maneno mengi yamesemwa kwamba kinabadilisha tabia na kuleta wazimu; mimi nisingemlaza mtu macho kwa hayo, kwa sababu hatari iliyothibitika inatosha.

Mtu mzima mwenye kinga nzuri akiambukizwa, mara nyingi hajui. Labda homa ndogo, labda mtoki wa shingo, basi. Kijidudu kinajifungia kwenye misuli na ubongo, kinalala. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu theluthi moja ya wajawazito waliopimwa kliniki wana alama za kuwahi kuambukizwa. Hao wengi wao hawana la kuhofia. Wa kuhofiwa ni wa makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mimba. Kijidudu kinaweza kumfikia mtoto, na kikimfikia mapema madhara ni makubwa zaidi: mimba kuharibika, kichwa kujaa maji, degedege, macho kuharibika. Dhara lingine ni la ujanja zaidi: mtoto anazaliwa mzuri, anakua, kisha miaka kadhaa baadaye jicho linaanza kufifia. Kipimo chake huombwa pale tabibu anaposhuku, kwa hiyo mama aliyepata homa na mtoki akiwa mjamzito aseme kwa kinywa chake.

Kundi la pili ni anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana, hasa CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ikiwa chini ya 100. Kilicholala miaka mingi kinaamka na kutengeneza uvimbe ndani ya ubongo. Anaanza kuumwa kichwa kisichosikia panadol, homa, maneno yanavurugika, mkono mmoja unakuwa mzito, kisha kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Nyumbani husemwa ni kiharusi, au ametupiwa kitu. Kijana wa miaka thelathini hapati kiharusi bure. Apelekwe hospitali siku hiyo, na ndugu wasifiche kwamba yuko kwenye dawa au ameziacha, kwa sababu habari hiyo ndiyo inayomwelekeza daktari kwenye tiba. Na tiba ipo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili. Ile Septrini wanayopewa watu wa kliniki ya UKIMWI (CTC), ambayo wengi wanaiona kama kidonge cha ziada na kuiacha droo, ndiyo inayokizuia kijidudu hiki kisiamke. Imezwe mpaka kliniki yenyewe iseme basi.

Kwa upande wa paka, kazi kubwa ya kujikinga iko kwenye mchanga. Kinyesi kibichi cha siku hiyo bado hakiambukizi. Mayai yanahitaji siku moja hadi tano nje ili yakomae. Ukiondoa kinyesi kila siku, umeshinda nusu ya vita. Kichote kwa koleo au jembe, kitie chooni au kifukie mbali na kisima, wala kisitupwe mtoni. Asifanye mjamzito. Kama hana msaidizi, avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi, anawe kwa sabuni, asafishe chini ya kucha.

Paka huchagua mchanga uliolegea. Tazama lile rundo la mchanga wa ujenzi lililoletwa kwa lori na kukaa miezi kadhaa kando ya nyumba isiyoisha: mchana ni uwanja wa watoto, usiku ni choo cha paka. Lifunike na turubai au chandarua kibovu. Nimeona nyumba nyingi zikiwa na turubai jipya juu ya saruji na mchanga ukiwa wazi. Saruji inalindwa kwa sababu ina bei. Ukishindwa kufunika, watengee paka sehemu yao, kona yenye mchanga laini mbali na jiko, nao wataipenda, kisha uisafishe hiyo moja.

Kuna suala la udongo wa kula, na akina mama watanisamehe. Mjamzito akishikwa na hamu hutafuna udongo, iwe ule wa sokoni au aliobandua ukutani. Udongo uliochimbwa, ukafinyangwa na kuanikwa chini uani, umepita kwenye njia za paka, kuku na watoto, na mayai ya toksoplasma huweza kuishi kwenye udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka. Hamu hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Mwambie muuguzi wa kliniki, apime damu, akupe vidonge vya madini ya chuma.

Maji nayo. Hili wengi hawalijui: dawa ya klorini tunayotia ndooni inaua kipindupindu lakini haiui mayai ya toksoplasma. Kuchemsha kunayaua. Mwaka 1995, mji wa Victoria nchini Kanada, wenye mfumo mzuri wa maji, ulikuwa na watu 100 waliothibitika kuambukizwa, na bwawa la maji ya mji ndilo lililoshukiwa kuchafuliwa na jamii ya paka. Baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia Rufiji na Kibiti, kilichokuwa juu ya ardhi huingia visimani. Kisima kiinuliwe mdomo na kifunikwe, na maji ya mjamzito, ya mtoto mdogo na ya mgonjwa yachemshwe hata kama yametiwa dawa.

Mvua ikisomba kinyesi, kinaishia baharini pia. Huko California, fisi maji wa baharini wamekuwa wakifa kwa ubongo kushambuliwa na kijidudu hikihiki, kilichofikishwa majini kutoka nchi kavu. Chaza na kome huchuja maji na kubaki na vilivyomo, kwa hiyo wapikwe waive. Samaki wenyewe si mzigo hapa. Mwenye mzigo ni nyama: mishikaki yenye wekundu katikati, firigisi ya kuku wa kienyeji iliyochovywa tu kwenye moto, ubao mmoja kukatia nyama mbichi na kachumbari. Nyama ikiiva hadi ndani, kijidudu kimekufa. Kwa kweli watu wengi hukipata kwenye sahani kuliko kwenye mgongo wa paka wao.

Ukucha na kiroboto

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa mara nyingi mambo huisha vizuri. Bakteria aitwaye Bartonella henselae hukaa kwenye damu ya paka, hasa watoto wa paka, na husambazwa na viroboto. Uchafu wa kiroboto ukiingia chini ya ukucha, kisha ukucha ukampasua mtoto, kunatokea kipele pale penye mkwaruzo. Baada ya wiki moja hadi tatu mtoki unavimba kwapani, shingoni au kinenani. Wengi hupona wenyewe. Wachache, zaidi watoto wa shule, hushikwa na degedege au kuchanganyikiwa wiki chache baada ya mtoki, wengine jicho moja huona ukungu ghafla. Karibu wote hupona, wakitibiwa wakiwa hospitalini na si kwenye kufukizwa.

Degedege pwani ina tafsiri yake ya muda mrefu, na mama anayekimbilia kwa mganga hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya walichofanya waliomlea. Ila mtoto anayetetemeka mwili mzima anaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au hili la paka, na yote matatu yana dawa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, ondoka naye. Mtoki nao usiukande kwa kitambaa cha moto wala usiuchane kwa wembe kama jipu.

Viroboto wana kesi nyingine. Kaskazini mashariki mwa Kenya, watafiti walikuta watu wenye homa wakiwa na Rickettsia felis, bakteria anayebebwa na viroboto wa paka. Homa yake, na kichwa kuuma, huonekana kama malaria. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kikisema hakuna, na homa ikaendelea, usirudi nyumbani kunywa dawa ya mseto ya jirani. Rudi kituoni useme habari ya viroboto. Nyumbani, kitanda cha paka kianikwe juani, mikeka ikung'utwe nje, sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa hadi pembeni. Dawa ya viroboto ichukuliwe kwa afisa mifugo na iwe ya paka hasa: dawa ya kuogeshea ng'ombe, na baadhi za mbwa, humuua paka.

Minyoo ya paka nitaitaja tu. Mayai yake hukaa kwenye mchanga uleule, mtoto akiyameza viluwiluwi hutangatanga mwilini na mara chache hufika kwenye jicho au ubongo. Mbinu za mchanga na mikono zilizokwisha semwa zinatosha, pamoja na kumpa paka dawa ya minyoo.

Maneno ya kusema kwa tabibu

Mgonjwa wa pwani akiulizwa anaumwa nini, husema "homa na kichwa." Tabibu naye ana foleni. Usingoje aulize kuhusu paka. Ongeza mwenyewe sentensi moja: nimeumwa na paka mwezi uliopita, au mtoto ana paka mchanga anayemparua, au nina mimba ya miezi minne na ndiye ninayezoa kinyesi. Sentensi hiyo ndiyo inayoweza kubadilisha vipimo atakavyoandika.

Na dalili zisizosubiri kesho ni hizi: degedege, shingo kukaza, maneno kuvurugika, upande mmoja kulegea, jicho kuona giza, kuogopa maji. Chombo cha usiku kitafutwe.

Chanjo ya paka hutolewa kuanzia miezi mitatu, ikarudiwa baada ya mwaka. Kati ya 2010 na 2015, wilaya 28 za kusini mwa Tanzania zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa, na watu wazima wa vijijini bado wanakumbuka foleni zile za mbwa kwenye kamba. Paka hawakuwa wengi kwenye foleni, kwa sababu paka hafungwi kamba. Safari ijayo, gari la mifugo likipita kutangaza, labda karibu na Septemba 28 ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, mtie wako kwenye tenga lenye mfuniko au kiroba kilichotobolewa matundu, umpeleke. Na yule wa bandarini asiye na mwenyewe, wauza samaki wachangishane wamkamate pamoja. Wao ndio anaokula kwao kila siku.